Karatasi Niliyompelekea Evodia Kigali

Nilitoka Ngara siku ya Ijumaa kwa ajili ya karatasi moja. Mlioniona stendi nimevaa koti la kanisani mlidhani naenda hospitali, na mimi niliwaacha mdhani hivyo. Jirani yangu Mama Severini, mjane wa marehemu Severini aliyekuwa mwenyekiti wa kitongoji chetu, alinipa pole na ndizi nne mbivu za njiani. Nilizipokea kwa mikono miwili. Hizo ndizi nitazirudia huko mbele.

Karatasi yenyewe ilikuwa hivi. Nina mjukuu anaitwa Evodia, mtoto wa binti yangu Konsolata. Tangu kuzaliwa macho yake yanaona mwanga na kivuli tu. Alipokuwa na miaka sita mama yake aliolewa na fundi wa visima kutoka Norwe, mmoja wa wale waliochimba kisima cha zahanati ambacho pampu yake ilikufa mwaka wa pili, wakaondoka wote watatu. Sasa Evodia ana miaka ishirini, na huko amekuwa mtu wa michezo. Anateleza kwenye theluji kwa mbao ndefu miguuni na fimbo mbili mikononi, kilomita nyingi, halafu anasimama, analala kifudifudi, analenga shabaha kwa bunduki, anainuka, anateleza tena. Haoni, na analenga. Konsolata aliponieleza kwa simu nilimwambia, "Mwanangu, mimi nimezeeka, sijawa mjinga."

Mtoto anataka kwenda Paralimpiki ya nchi za baridi, mashindano makubwa ya dunia ya watu wenye ulemavu, akiwa na bendera ya Tanzania. Wakubwa wa mchezo wake wakadai barua ya kijiji alichozaliwa, ifike kabla ya Ijumaa inayofuata. Alizaliwa nyumbani kwangu, cheti hana. Mtendaji wa kijiji akafungua daftari la zamani la kaya. Kaya yangu ipo. Wajukuu: Deus, Anitha. Chini yao mstari umepigwa.

"Mzee Laurian, huyu wa tatu hayumo," akasema. "Nikiandika barua lazima nieleze kwa nini hayumo."

Nikajibu haraka, kama mtu aliyekaa na jibu mdomoni miaka mingi. "Marehemu Severini alisahau kumwandika. Unajua alivyokuwa na pombe."

Mtendaji akaandika hivyo, akagonga muhuri. Severini alikuwa hanywi hata togwa.

Evodia alikuwa Kigali wiki tatu kwa mazoezi ya vilimani, akaomba niilete barua mwenyewe. Nikamuuliza kwa simu kwa nini asije Ngara, na ni mwendo wa siku moja. Akasema, "Nitakuja nikishaandikwa, Babu."

Saa tatu asubuhi tulifika Rusumo. Daraja la mpakani mnalijua, maji ya Kagera yanaanguka chini pale kwa kelele, na mvuke wake unakulowanisha uso hata kama siku ni kavu. Mimi niliivuka njia hiyo nikiwa kijana kwenda kuuza maharage, wakati huo tulikuwa tunalala kwa watu na hakuna aliyeuliza jina. Siku hizi kuna jengo kubwa, na madirisha, na foleni. Dada mmoja askari wa Rwanda akafungua begi langu. Barua nilikuwa nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni isilowane.

"Mzee, hii hapana," akasema akiinua nailoni. "Rwanda plastiki haiingii."

"Ni ya kukinga barua, binti yangu."

"Barua iko ya nini?" Akaitoa, akaisoma yote amesimama, midomo ikicheza. Niliangalia viatu vyangu. Akaikunja vizuri, akaniwekea ndani ya bahasha ya kaki aliyoitoa mezani kwake. "Pole sana, mzee. Kumbe mwenyekiti yenu alikuwa mulevi. Kusahau mtoto mzima! Watu kama hao iko kila mahali."

Nikasema asante. Unaona mambo hayo? Uongo wangu ulikuwa umevuka mpaka bila hata kulipa ushuru, na sasa nchi mbili zinamjua Severini kuwa mlevi.

Kutoka Rusumo kwenda mbele gari linapita mkono wa kulia wa barabara. Nilikuwa nimesahau. Kwa nusu saa kila lori lililokuja mbele yetu nilifumba macho nikasali. Jirani yangu kwenye kiti, mama mnene mchangamfu anayeuza vitenge soko la Kabuga, akanipiga begani. "Muzee, fungua macho, hatufi leo. Jina yangu Mama Kevine. Unaenda kwa nani?"

"Kwa mjukuu."

"Anafanya kazi gani?"

Hapo nilikuwa na nafasi. Nikasema, "Analenga bunduki."

"Eeeh! Musirikare! Mwanajeshi! Basi iko Kanombe, kambini. Hongera, Muzee, umezaa simba." Akawageukia walio nyuma akawatangazia kwa Kinyarwanda kwamba huyu mzee ana mjukuu mwanajeshi, na Kihangaza chetu kwa lugha yao si mbali, kwa hiyo nilielewa kila neno. Watu wakanitazama kwa heshima. Sikukanusha. Nilikula ndizi moja ya Mama Severini, ikanikaba, na zilizobaki nikazimaliza kabla ya Kabuga.

Kati ya Kayonza na Rwamagana, vilima vikipita na mashamba yamepangwa kama mikeka, niliwaza jambo ambalo sijawahi kuwaambia ninyi wa nyumbani. Niwaambie sasa, maana bila hilo habari hii haina kichwa.

Mwaka ule Evodia ana miaka mitano, wakwe walikuja kuleta posa ya binti yangu mdogo, Domina. Mnakumbuka, watu wa Rulenge, wenye ng'ombe. Nikaogopa wakimwona mtoto wa macho vile watauliza kama ni kitu cha ukoo. Nikamweka stoo nyuma ya magunia ya maharage na kiazi kitamu cha kuchemsha ili anyamaze. Wageni wameketi, lubisi, pombe yetu ya ndizi, iko kibuyuni, mara anaingia Severini na daftari jipya la kaya. Bahati mbaya siku hiyo hiyo. Akaandika mimi, akaandika mke wangu, akafika kwa wajukuu. "Wangapi?" Nikasema wawili. Akainua kalamu. "Wawili tu, Laurian?" Nikasema wawili tu. Akapiga mstari.

Mlango wa stoo ulikuwa hatua nne kutoka kiti changu. Na ile ndoa ya Domina ilivunjika baada ya miaka miwili kwa sababu nyingine kabisa, yule bwana alikuwa na mke Biharamulo.

Saa nane mchana kwa saa yangu tuliingia Kabuga, Mama Kevine akashuka na marobota yake. "Msalimie mwanajeshi!" Nikapunga mkono. Baadaye uwanja wa ndege wa Kanombe, kisha Remera, nikashuka. Hapo ndipo niligundua kwamba saa yangu iko mbele kwa saa nzima, maana Rwanda wana saa yao. Nikapanda pikipiki, nikavalishwa kofia ngumu yenye harufu ya vichwa vya watu wengi, hadi Kimironko, nyuma ya soko, mtaa wa mafundi cherehani.

Evodia alikuwa amesimama getini. Mrefu! Mabega kama ya mvuta jahazi. Alinijua kwa kikohozi kabla sijasema neno.

"Babu, bado unavuta tumbaku."

"Naacha mwaka huu."

"Ulisema hivyo mwaka tulioondoka."

Akanisalimia kwa Kihangaza cha mtoto wa miaka sita, maana ndicho alichobaki nacho, na kusikia salamu ile ya kitoto kutoka kwa mtu mzima kulinifanya nijifanye natafuta leso. Pamoja naye alikuwa Marit, dada wa Kinorwe mwenye nywele nyeupe kama katani, ndiye anayemtangulia kwenye theluji akimwelekeza njia kwa sauti. Marit hana Kiswahili isipokuwa "pole pole", na hilo hulisema pale tu anapotaka mtu aongeze mwendo.

"Barua umekuja nayo?" Evodia akauliza tukiwa tunakula.

"Ninayo. Kesho, nimechoka."

Kesho yake, Jumamosi, walinionyesha kazi yao uani. Bunduki ile haina risasi, inatoa mwanga usioonekana kwenda kwenye kibao kilichowekwa ukutani. Mlengaji anavaa vidude masikioni. Bunduki ikiwa mbali na shabaha, sauti iko chini na nzito. Ikisogea karibu, sauti inapanda, inapanda, inakuwa nyembamba kama mbu. Pale inapokuwa nyembamba kuliko zote ndipo unavuta.

Evodia akalala kwenye mkeka. Tano kwa tano. Sikuwa nimemaliza kushangaa akaanza tena, tano nyingine, moja ikakosa, akapiga ardhi kwa ngumi akasema kitu cha Kinorwe kilichomchekesha Marit.

"Ukikosa unafanywaje?" nikauliza.

"Unazunguka kijia cha adhabu kabla ya kuendelea, wenzako wanakupita. Mashindano yangu ya kwanza nilikosa zote, Babu. Nilizunguka mpaka waliokuwa wanauza kahawa wakaniita kwa jina. Nilikuwa wa mwisho, wanakunja kamba nikiwa bado njiani."

"Ukaacha?"

"Nikalia, halafu nikaomba tarehe ya mashindano yanayofuata." Akaniambia jinsi alivyoanza akiwa na miaka tisa kwenye uwanja nyuma ya shule, jinsi alivyovunja mfupa wa bega kwenye mteremko kwa sababu kiongozi wake wa kwanza alisema kushoto akiwa anamaanisha kulia, jinsi msimu uliopita alivyopanda jukwaani mara mbili akavishwa medali ya tatu. "Kiongozi akikudanganya mara moja tu," akasema, "mwili haumwamini tena. Masikio yanaweza kusamehe, lakini miguu inagoma."

Akaniwekea vile vidude masikioni nijaribu. Nikasikia mlio ule mzito tu, chini, chini, sikuupandisha hata kidogo. Marit akasema, "Pole pole."

Jioni Evodia akauliza tena barua. Nikasema mwanga wa taa haunitoshi.

Jumapili asubuhi Kigali wanafunga barabara kubwa, magari hayaruhusiwi kabisa, watu wote wanatoka kukimbia na kutembea. Nimewahi kuona harusi na misiba, lakini sijawahi kuona mawaziri na wauza nyanya wamevaa kaptula pamoja. Evodia na Marit wakavaa mbao fupi zenye magurudumu, za kuteleza kwenye lami badala ya theluji. Mgongoni kwa Marit kuna kipaza sauti kidogo. Akaondoka mbele akiita maneno mafupi mafupi, na Evodia nyuma yake, fimbo zikigonga lami, ta, ta, ta, wakishuka ile barabara ya Kimironko kuelekea Remera kama maji.

Watu wakapisha. Mtu mmoja akapaza sauti, "Yule wa nyuma haoni! Angalieni fulana yake imeandikwa!" Wakaanza kupiga makofi pande zote mbili, mpaka wale wanaofanya mazoezi ya viungo wakasimama. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaniuliza kwa Kiswahili, "Muzee, huyo ni wa nani?"

Nikafungua mdomo. Ninawaambia ukweli, nilifungua. Nikasema, "Sijui, lakini ni hodari."

Kwa nini nilisema vile sina maelezo. Pale hapakuwa na wakwe, wala posa, wala mtu wa Ngara. Watu walikuwa wanampigia makofi, na bado ulimi ulikwenda ulikozoea kwenda.

Walipanda kilima wakarudi, jasho linatiririka, Evodia akaketi kwenye ukingo wa barabara karibu na miguu yangu. Akavua kofia. "Sasa mwanga uko wa kutosha, Babu. Nisomee."

Nikatoa bahasha ya kaki ya yule dada wa Rusumo. Darasa la nne linatosha kusoma barua. Nikasoma jina la kijiji, nikasoma tarehe, nikasoma kwamba Evodia ni mzaliwa wa hapa. Nikafika kwenye mstari wenyewe. Nikasoma polepole, nikitumaini lori lipite linifunike sauti, na siku hiyo ndiyo Kigali haina lori. "Jina lake halikuandikwa kwenye daftari la kaya kwa sababu mwenyekiti wa wakati huo, marehemu Severini, alisahau kutokana na ulevi."

Evodia alikuwa anasafisha gurudumu kwa kidole.

"Kiazi kilikuwa cha moto," akasema. "Kiliniunguza ulimi, nikaogopa kulia. Mzee Severini aliuliza mara mbili. Alisema, wawili tu, Laurian? Mimi nilikuwa nimeanza kusimama, nilidhani unakwenda kuniita."

Nikaishika barua kwa mikono miwili.

"Halafu alipotoka alipita nyuma ya nyumba, akaja kwenye kidirisha cha stoo. Alijua nimo. Akasema, shikamoo yako iko wapi, bibie? Nikamwamkia. Akanipa karanga, akaondoka. Huyo ndiye unasema alinisahau."

Habari ya karanga sikuwahi kuijua. Severini aliishi jirani yangu miaka kumi mingine, tulizika pamoja, tulilima pamoja, na hakuniambia.

"Mjukuu wangu," nikasema, "barua ina muhuri. Inatosha kukupeleka. Wale wakubwa hawamjui Severini."

"Mimi namjua." Akanyoosha mkono, nikampa, akaikunja karatasi mara nne akanirudishia. "Sitelezi na hii."

"Zimebaki siku tano."

"Najua zimebaki ngapi. Ninafanya mazoezi tangu nina miaka tisa, Babu, unadhani sijui?" Sauti yake ilipasuka hapo, mara ya kwanza, na Marit, ambaye hakuelewa neno, akaja akaketi upande wa pili. "Kule Norwe wana wateleza theluji wengi, mmoja zaidi si kitu. Mimi nataka kuandikwa nilikozaliwa. Lakini si hivi."

Jumatatu asubuhi nikapanda basi la kurudi. Kabuga akapanda Mama Kevine anakwenda Kibungo na vitenge vyake. "Muzee! Mwanajeshi hajambo?"

Nikasema, "Si mwanajeshi. Nilikuacha uamini. Ni msichana haoni, anateleza kwenye theluji na analenga kwa masikio."

Akanitazama sana. "Mm," akasema. "Ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi." Akawageukia walio nyuma akawaambia, nao wakacheka mpaka Rwamagana, hakuna aliyesadiki. Nilipata kujua kwamba ukweli ukichelewa unafika umevaa nguo za uongo. Rusumo nilimtafuta yule dada askari nimwambie habari za Severini. Alikuwa zamu nyingine. Nchi ya Rwanda bado inaamini marehemu ni mlevi, na hilo sijalirekebisha.

Jumanne saa mbili nilikuwa ofisi ya mtendaji. Benchi limejaa, watu wa vitambulisho. Na nani ameketi wa kwanza mlangoni? Mama Severini. Nilitaka kurudi kesho. Kesho ilikuwa ipo, lakini ni ile kesho ambayo nimekuwa nikiisema tangu Ijumaa.

Nikapiga simu, Evodia akapokea. Nikaiweka mezani kwa mtendaji, sauti imefunguliwa. "Yupo anasikiliza," nikamwambia. "Fungua daftari. Niulize kama alivyouliza Severini."

Mtendaji alidhani safari imenichanganya. "Niulize nini, mzee?"

"Wajukuu wangapi."

"Haya. Wajukuu wangapi?"

"Watatu."

Ilitoka ndogo. Mtu wa benchi akasema mzee hasikiki. Kwenye simu nilisikia pumzi yake, na nikajua ndivyo alivyopumua nyuma ya magunia, mimi ndiye sikutega sikio.

"Watatu!" nikasema. "Deus, Anitha na Evodia. Evodia alikuwa stoo. Nilimficha mimi. Severini aliniuliza mara mbili nikamdanganya mara mbili, na wiki iliyopita nikamwita mlevi kwenye barua ya serikali."

"Niandike hivyo hivyo?" mtendaji akauliza.

"Andika hivyo hivyo."

Akaandika. Kalamu ilikuwa inakwaruza. Muhuri ukagonga. Barua ikapigwa picha ikatumwa palepale, na yenyewe ikaondoka na basi la mchana. Kama wakubwa wa mchezo wataikubali sijui, mpaka leo ninapoandika hawajajibu. Kwenye simu Evodia alisema neno moja tu, "Nimesikia," akakata. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumwomba, maana pale ofisini ningekuwa namwomba mbele ya watu ili ashindwe kukataa.

Nilichojifunza safarini ni kidogo kwa umri wangu. Nilidhani aibu yangu ni mtoto, nikaificha stoo. Kumbe aibu ilikuwa imekaa kitini, imeshika kibuyu, inaongea na wageni.

Nilipogeuka kutoka, Mama Severini alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote, hakunipisha.

"Laurian," akasema, "na ndizi zangu ulikula?"

"Nilikula, shemeji."

"Zote nne?"

"Zote nne."